Pancha, Nundu na Tairi Jipya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Pikapu Nairobi

Majibu haya ni ya pikapu za kazi: Hilux, D-Max, Navara, Hardbody, L200, Ranger na wenzao, zinazoleta viazi Marikiti, zinazopeleka simiti Kitengela, zinazopakia mitumba Gikomba. Tairi linalodumu miaka kwenye pikapu tupu linaweza kupasuka siku ya kwanza likiwekewa tani moja juu yake, kwa hiyo kila ushauri hapa chini unachukulia kwamba gari litabeba mzigo.

Nitajuaje kama tairi ni la kuziba au limekwisha?

Kwanza mahali pa tundu, pili ukubwa wake, tatu hali ya ndani ya tairi.

Tundu lililo kwenye uso unaokanyaga barabara, mbali na mabega, lenye upana usiozidi milimita 6, huzibika vizuri. Msumari wa inchi nne haufikii unene huo, hivyo pancha nyingi za misumari zinaingia hapa. Tundu la begani, pale uso wa tairi unapopinda kushuka ubavuni, haliaminiki: sehemu hiyo hujikunja kila gurudumu linapozunguka, na ndipo mikanda ya nyaya za chuma iliyo ndani inapoishia. Kiraka hubanduka taratibu hata kama fundi alikibandika vizuri. Tundu la ubavuni halizibwi kabisa.

La tatu ndilo watu hulikwepa kwa sababu linataka tairi litolewe kwenye rimu. Tairi linaweza kuwa na tundu dogo safi nje, na ndani likawa limesagika kwa sababu liliendeshwa bila upepo. Asiyelifungua tairi hawezi kukuambia kama ni zima, anakisia tu.

Mtu wa pancha amesema anaweza kuchoma kiraka ubavuni. Nikubali?

Kwa pikapu, hapana. Matairi ya radiali yana tabaka moja au mawili tu ya nyuzi ubavuni, na nyuzi hizo ndizo zinazozuia upepo usipasue raba. Zikikatika, kiraka cha moto kinaziba hewa, hakirudishi nguvu. Tairi litakaa vizuri siku gari likiwa tupu, kisha litavimba na kupasuka ukiwa na mzigo, ukiwa kwenye mwendo, jua likiwaka. Ndivyo ilivyo pia na nundu: kivimbe cha ukubwa wa yai ubavuni, mara nyingi baada ya kuingia shimo au kugonga ukingo wa barabara, maana yake nyuzi zimekwisha kukatika na ni raba pekee iliyoshikilia. Usilihamishie nyuma, usilifanye spea. Litoe.

Kamba au kiraka cha uyoga: tofauti ni nini?

Kamba ni ule uzi mnene wenye gundi, rangi ya udongo au nyeusi, unaosukumwa tunduni kutoka nje bila kulitoa tairi. Kazi ya dakika kumi, bei ndogo. Uyoga ni kiraka chenye mkia: mkia unajaza tundu, kichwa kinabandikwa ndani ya tairi. Lazima tairi lifunguliwe, na utalipa mara kadhaa zaidi ya kamba.

Tatizo la kamba halitokani na kuvuja tu. Kabla ya kuiingiza, fundi huchokora tundu kwa chuma chenye meno kama tupa ili lipanuke. Chuma hicho hukwaruza na kukata nyaya za mkanda. Tena kamba haizibi ngozi ya ndani ya tairi, ile raba laini inayozuia hewa; upepo na maji hupenya pembeni mwa kamba, nyaya zinashika kutu, na baada ya miezi uso wa tairi unaanza kuachana na mwili wake. Kamba ni ya kukufikisha. Umepata pancha Mlolongo na mzigo unangojwa Athi River? Weka kamba, nenda taratibu, kisha siku hiyo au kesho yake lipeleke likawekwe uyoga.

Na ukishaweka uyoga, usiweke wa pili juu yake au kando yake kiasi cha vichwa kugusana. Pancha mbili zilizo mbali na nyingine, ni sawa. Pancha mbili zilizokaribiana zinatosha kulistaafisha tairi.

Ukarabati sahihi wa uyoga unafanywaje? Nataka kusimama nione.

Simama uone, ni haki yako.

Tairi linawekewa upepo na kupakwa maji ya sabuni ili mapovu yaonyeshe tundu, kisha linawekwa alama ya chaki. Linatolewa kwenye rimu. Fundi analipapasa na kulimulika ndani lote, si pale penye msumari tu, kwa sababu msumari mmoja mara nyingi una ndugu. Anaangalia mwelekeo ambao msumari uliingilia: ukiingia kwa mshazari, tundu la ndani linaweza kuwa karibu zaidi na bega kuliko lilivyoonekana nje. Ukiingia kwa mlalo sana, mkia wa uyoga hautajaza njia yake na kiraka hakifai.

Tundu linasafishwa kwa keekee inayozunguka polepole, kutoka ndani kwenda nje, ili nyaya zilizochongoka zisawazishwe. Kisha eneo kubwa kidogo kuliko kichwa cha kiraka linakwanguliwa mpaka liwe na uso wa makwaruzo laini, bila kufikia nyuzi. Vumbi linaondolewa kwa mashine ya kuvuta au kitambaa kikavu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fundi anapuliza vumbi kwa kompresa ambayo tangi lake limejaa maji na mafuta, na gundi inabandikwa juu ya unyevu huo.

Gundi inapakwa nyembamba, halafu inasubiriwa. Dakika tano, wakati mwingine zaidi kukiwa na baridi ya Julai, hadi ukigusa kwa kifundo cha kidole inanata bila kulowesha. Gundi iliyo mbichi ndiyo sababu kubwa ya uyoga kuvuja. Mkia unavutwa nje, kichwa kinakandamizwa kwa gurudumu dogo la mkono kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki chini, na ukingo wake unapakwa raba ya kufunga. Mkia unakatwa usawa na uso wa tairi. Tairi linarudishwa, linatiwa upepo, linapakwa sabuni tena tunduni, kwenye valvu na kuzunguka rimu yote. Mwisho, balansi.

Msumari bado umo na upepo haujaisha. Niung'oe?

Usiung'oe njiani. Msumari wenyewe ndio umeziba tundu. Pima presha, ongeza upepo, nenda kwa fundi wa karibu bila kukimbia.

Kuna barabara zinazotoboa zaidi?

Zipo sababu zaidi ya barabara. Misumari na vipande vya chuma hujaa karibu na majengo yanayoendelea, na Nairobi haikosi hayo upande wowote. Kuna pia vyuma vyembamba kama nywele nene ambavyo wengi hawavijui: ni nyaya za matairi yaliyochomwa barabarani. Raba inaungua, nyaya zinabaki kwenye lami kwa wiki nyingi. Uzi mmoja wa namna hiyo hauonekani kwa macho na hutoa upepo polepole kwa siku mbili au tatu. Fundi huupata kwa kupitisha kitambaa ndani ya tairi na kuona kinapokwama. Akipitisha vidole vitupu atajikata.

Niliendesha kidogo tairi likiwa limekaa chini. Litafaa?

Ndani ndiko kwenye jibu. Ukikuta vumbi la raba lililosagika, mithili ya unga mweusi, au mstari uliochakaa unaozunguka ubavu kwa ndani, tairi limekufa hata kama nje linang'aa. Pikapu yenye mzigo inaweza kuliua tairi ndani ya kilomita moja. Ndiyo maana kusimama mahali pabaya ni nafuu kuliko kujivuta hadi kituo cha petroli.

Nitie tyubu ndani ya tairi la tyublesi?

Watu hufanya hivyo kila siku, hasa rimu ikiwa imepinda au tairi likiwa na pancha nyingi. Kwa safari ya dharura kwa mwendo wa chini, sawa. Kama makazi ya kudumu, hapana: tyubu husuguana na ngozi ya ndani ya tairi na kuzalisha joto, na ikitoboka upepo wote hutoka mara moja kupitia tundu la valvu, wakati tyublesi lingetoa upepo taratibu na kukupa nafasi ya kusimama. Tyubu isiyolingana na saizi ya tairi hujikunja, na mkunjo hujikata. Na kutia tyubu ili kuficha mpasuko wa ubavuni ni kuahirisha ajali.

Naongeza upepo kila wiki na hakuna pancha inayoonekana. Unatoka wapi?

Njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni valvu: raba yake hukauka na kupasuka shinani. Ikunje kidogo kwa kidole ukiwa umeipaka sabuni. Kila tairi jipya lipate valvu mpya. Bei yake ni ndogo mno kuibishania. Kumbuka pia kwamba valvu za raba za kawaida zimeundwa kwa presha isiyozidi PSI 65. Ukipakia hadi tairi lako la nyuma likahitaji kupita hapo, dai valvu ya chuma au ya presha ya juu.

Ya pili ni kutu kwenye rimu ya chuma, mahali tairi linapokaa. Fundi analitoa tairi, anaisugua rimu kwa brashi ya waya mpaka iwe laini, anaipaka rangi nyembamba na kuiacha ikauke. Rimu za aloi nazo huota unga mweupe mahali hapo hapo. Ya tatu ni rimu iliyopinda kwa shimo. Ya chuma hunyooshwa kwa nyundo bila taabu kubwa. Ya aloi ikinyooshwa baridi hupasuka, na ufa wa aloi uliochomelewa karibu na matundu ya nati hatuushauri kwa gari la mzigo.

Nabadilishaje tairi barabarani peke yangu?

Toka barabarani kwanza, hata kama ni kwa kulitoa sadaka tairi hilo. Kwenye Thika Road au Mombasa Road, kubadilisha tairi la upande wa magari yanayopita ukiwa umesimama kwenye ukingo mwembamba ni hatari kuliko hasara ya rimu. Washa taa za dharura, weka laifseva (pembetatu za kuakisi mwanga) mbele na nyuma, si chini ya mita 50 kutoka garini.

Handibreki ya pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, linabaki moja tu la kulishikilia gari. Kwa hiyo weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya gurudumu lililo pembe ya mkabala ya gari, kisha tia gia ya kwanza, au P kwa otomatiki. Abiria washuke. Mzigo ukiweza kupunguzwa, upunguzwe.

Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Jeki ya chupa kwa nyuma inakaa chini ya ekseli, karibu na springi, upande wa gurudumu linalotolewa. Usiiweke chini ya tumbo la difu, gari litayumba. Kwa mbele fuata mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida kwenye chasisi au mkono wa chini. Ardhi ikiwa ya udongo mweusi wa huku Embakasi na Syokimau baada ya mvua, jeki itazama. Ubao wa sentimita 30 kwa 30 wenye unene wa sentimita 4 hauna budi kukaa nyuma ya kiti muda wote. Tairi ulilotoa lisukume chini ya chasisi wakati unafanya kazi, jeki ikiteleza gari lidondokee hapo. Usiingize mwili wako chini.

Funga nati kwa mkono kwanza, upande uliochongoka uelekee rimu. Zikaze kidogo kwa kupishana, moja kisha iliyo mkabala nayo, shusha gari, ndipo ukaze kikamilifu kwa mpangilio huo huo. Usipake grisi wala mafuta kwenye studi: nati iliyolainishwa hukazika kupita kiasi kwa nguvu ile ile ya mkono.

Spea imekwama chini ya bodi, haishuki.

Spea ya pikapu nyingi huning'inia kwa mnyororo au kebo, ikishushwa kwa kuingiza chuma kirefu kwenye tundu la bampa ya nyuma na kukizungusha kinyume na saa. Vumbi na tope huganda kwenye winchi, na kama haijashushwa tangu gari linunuliwe, kutu imeshafanya kazi yake. Paka mafuta ya kulegeza kutu, subiri, zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukilazimisha unakata meno ya winchi. Dawa ni kuishusha kila miezi mitatu, kupima upepo wake, kupaka grisi mnyororo na kuirudisha mpaka ikaze isitikisike. Spea inayochezacheza hukata kebo na kuanguka barabarani. Kufuli nayo ina maana: ukiegesha usiku bila hiyo, asubuhi unaweza kukuta mnyororo peke yake.

Nambari za ubavuni zinasemaje?

Chukua 245/70R16 111S. Upana ni milimita 245, urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana, R ni radiali, rimu ni inchi 16. 111 ni fahirisi ya mzigo, yaani kilo 1,090 kwa tairi moja. 112 ni kilo 1,120, 104 ni kilo 900. S ni mwendo wa mwisho, kilomita 180 kwa saa. Ukiona namba mbili kama 112/110, ya kwanza ni ya gurudumu moja moja, ya pili ni ya magurudumu pacha. Saizi kama 205R16C haina asilimia. C hiyo ya mwisho inasema ni tairi la gari la biashara, lenye mwili mgumu zaidi, na mara nyingi utaona pia 8PR, kipimo cha nguvu ya mwili wa tairi, kando yake.

Duka lina saizi yangu lakini bila C, na ni bei nafuu. Linatosha?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tairi la gari dogo na la pikapu yanaweza kuwa na saizi moja na kukaa kwenye rimu moja, ila la kwanza likawa na fahirisi ya mzigo ya chini na presha ya mwisho ndogo. Chini ya magunia ya simiti linajikunja, linachemka, na uso wake unabanduka kwa vipande. Soma fahirisi iliyo kwenye bati la mlangoni upande wa dereva au kitabu cha gari, usishuke chini yake hata kwa namba moja. Kupanda ni ruhusa, kwa gharama ya gari kurukaruka zaidi likiwa tupu.

Naweza kuweka makubwa zaidi ili gari lisimame juu?

Unaweza, kwa mipaka. 245/70R16 lina kipenyo cha karibu milimita 749. 265/65R17 lina karibu 776. Tofauti ni asilimia 3.6: spidomita ikisema 100, unakwenda karibu 104. Zaidi ya hapo gia zinakuwa nzito mlimani, breki zinachelewa kidogo, na tairi linaweza kugusa tope-gadi usukani ukikatwa hadi mwisho. Jaribu ukiwa na mzigo kabla hujalipa.

Rimu ya pikapu ya jirani ina nati sita kama yangu. Itaingia?

Si lazima. Hilux, D-Max, Ranger na L200 zina duara la nati la milimita 139.7, lakini Navara za D40 na zilizofuata zina 114.3. Hata duara likilingana, tundu la katikati linaweza kuwa dogo kuliko kitovu cha gari lako, au rimu ikagusa kalipa ya breki. Ijaribu kwa mkono mbele na nyuma. Ikae bapa kabisa bila kulazimishwa na nati.

Ninunue moja, mawili au manne?

Moja tu ikiwa mengine yako bado ni mapya kiasi na utapata aina ile ile. Vinginevyo nunua mawili kwa ekseli moja. Matairi ya kipenyo tofauti kwenye ekseli ya nyuma yanalazimisha difu kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, na difu huchemka. Kwa gari la 4x4, ukiingiza gia za mbele huku tairi za mbele na nyuma zikitofautiana, boksi la kugawa nguvu ndilo linaloumia.

Mapya mawili yaende nyuma. Wengi hushangaa kwa sababu usukani uko mbele, lakini pikapu tupu haina uzito nyuma, na kwenye mvua nyuma ndiko kunakoteleza kwanza. Mbele ikiteleza gari linaenda mbele. Nyuma ikiteleza gari linageuka.

Vipi kuhusu matairi yaliyotumika au yaliyochongwa?

Yaliyochongwa ni yale vipara yaliyokatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto. Yanapendeza dukani. Ingiza kidole kwenye mfereji mkuu na utafute vile vituta vidogo vya kuonyesha kikomo, vyenye urefu wa milimita 1.6. Kama havipo, au mfereji una kingo za kuungua, limechongwa. Kuchonga kunaruhusiwa kwa matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE peke yake, kwa sababu yametengenezwa na raba ya ziada chini. La pikapu likichongwa, umebakiza utando juu ya nyaya.

La mitumba lililo zima linaweza kukubalika kama spea. Omba ulione ndani, kabla halijafungwa kwenye rimu. Muuzaji wa Kirinyaga Road anayekataa amekwishakujibu.

Umri wa tairi nautambuaje?

Tafuta neno DOT ubavuni, na mwisho wake tarakimu nne ndani ya kijisanduku: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, ule ulioangalia ndani, itabidi uiname. Baada ya miaka mitano lichunguze kila mwaka, na lililofika kumi litoe hata kama meno yamejaa. Nyufa ndogo kati ya meno na ubavuni ni dalili kwamba raba imekauka. Spea huzeeka pia ingawa haijawahi kukanyaga lami.

Nijaze upepo kiasi gani?

Bati la mlangoni ndilo lenye neno la mwisho, na kwa pikapu lina safu mbili: tupu na mzigo. Tofauti huwa kubwa kwa matairi ya nyuma. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha tairi, haikupangiwa gari lako. Pima asubuhi kabla ya kwenda popote. Baada ya mwendo presha hupanda kwa PSI 4 hadi 6, na hiyo haipunguzwi: ukiitoa tairi likiwa moto, litalala likiwa na upungufu.

Wanaoshuka Mombasa wajue hili. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na geji hupima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Hewa ya Pwani ni nzito zaidi, kwa hiyo tairi lile lile litasoma karibu PSI 3 chini ukifika, joto la kule likirudisha moja au mbili. Pima tena Mombasa asubuhi kabla ya kupakia mzigo wa kurudi, kwa maana safari ya kupanda ndiyo yenye uzito.

Naitrojeni ina faida?

Hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa asilimia 78. Faida iliyobaki ni ndogo, na ni zaidi ya ukavu wake kuliko gesi yenyewe. Weka pesa hizo kwenye geji yako mwenyewe. Za vituo vingi zimeangushwa mara nyingi.

Matairi yanalika vibaya.

Pembe zote mbili: upepo mdogo. Katikati peke yake: upepo mwingi, ugonjwa wa pikapu inayojazwa ya mzigo na kutembea tupu. Upande mmoja wa tairi la mbele: alaimenti, au bushi na bolijointi zilizolegea, na katika hali hiyo alaimenti pekee haitadumu wiki. Mabonde-mabonde yanayovuma ukitembea: shoki zimekufa au balansi imepotea. Zungusha matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, lakini tengeneza chanzo kwanza.

Nimefungiwa matairi mapya. Niangalie nini kabla sijaondoka?

Fundi alainishe kingo kwa sabuni ya tairi au maji ya sabuni, kamwe isiwe dizeli au oili chafu, ambazo hula raba. Wakati tairi linadunda kukaa kwenye rimu, presha isizidi PSI 40. Likikataa, litolewe upepo, lipakwe sabuni upya na kusogezwa. Anayemwaga petroli na kuwasha kiberiti ili lidunde, mwambie aache, au uondoe gari lako.

Mstari mwembamba wa raba unaozunguka karibu na rimu uwe umbali sawa pande zote. Nati zisikazwe kwa bunduki ya hewa hadi mwisho: zinakazika mno, studi inavutika, na siku ya pancha porini hutaweza kuzifungua kwa wili spana ya gari. Ikamilishwe kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza. Pikapu nyingi hutaka kati ya Nm 100 na 140, namba kamili iko kwenye kitabu. Zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Dawa ya kuziba ya kopo ni salama?

Kwa tundu dogo na safari fupi. Mwambie fundi kwamba imo, maana humrukia usoni na huzuia gundi ya uyoga kushika isiposafishwa yote. Pikapu zenye vihisio vya presha ndani ya rimu hazipaswi kuwekwa dawa isiyoruhusiwa kwa vihisio.

NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wataangalia matairi?

Ndiyo, pikapu ni gari la biashara na hukaguliwa kila mwaka. Tairi kipara, lenye nundu au saizi zisizolingana kwenye ekseli moja ni sababu ya kurudishwa. Fanya matengenezo wiki moja kabla ya siku uliyopangiwa Likoni Road, si asubuhi yake.

Matairi ya zamani niyapeleke wapi?

Mafundi wa akala wa Kariokor hununua yaliyo na mwili mzuri, na wengine huyatumia kwa mabembea na vitalu vya miti. Usiyachome, na usiyaache na maji ndani yakazalisha mbu. Tairi lenye nundu au ubavu uliokatika, likate ubavuni kwa kisu kabla hujalitoa mkononi, vinginevyo litafungwa kwenye gari la mtu mwingine kabla ya Jumatatu.